Kitambaa hakiulizi kabila: maneno kwa vijana wa Luberizi juu ya mbio za kupokezana

Hotuba iliyotolewa Luberizi, Bonde la Ruzizi, mbele ya vijana wa vijiji vya barabara kubwa. Aliyezungumza ni mkimbiaji wa klabu na mwanaharakati mwenzetu. Tunaiweka hapa kwa ajili ya wenzetu wa Bukavu, Uvira na kwingineko ambao hawakuweza kufika.

 

Niliombwa nizungumze juu ya kuishi pamoja kwa amani. Maneno hayo munayajua. Tumeyasikia kwenye semina nyingi. Tulipewa daftari na kalamu, tukapewa na pesa ya tiketi, kisha kila mutu akarudi kwao na kuendelea kumwangalia jirani kwa jicho la pembeni. Mimi si mtaalamu wa amani. Mimi ni mkimbiaji. Kwa hiyo nitazungumza juu ya kitu ninachokijua: zile mbio za kupokezana tulizokimbia toka Luvungi mpaka Sange, na kile zilichotufundisha siye vijana wa hapa.

Kwanza, kwa wale ambao hawajaziona mbio hizi. Wengi wetu tunajua za uwanjani: watu wanne, kijiti kimoja, kila mutu mita 100, na kabla hujamaliza kupiga makofi zimekwisha. Za barabarani ni kitu kingine. Munachukua barabara ndefu, munaikata vipande, kila mkimbiaji anapewa kipande chake. Wajapani wanaziita ekiden. Za kwanza zilikimbiwa mwaka 1917, toka Kyoto mpaka Tokyo, kilomita 508, siku tatu. Na kule hawapeani kijiti. Wanapeana kitambaa kirefu ambacho mkimbiaji anakivaa begani, kinakatiza kifuani. Unapofika mwisho wa kipande chako unakivua, unamvalisha mwenzako au unamwekea mkononi, na yeye anaenda.

Siye pia tulichukua kitambaa. Fundi mmoja wa cherehani alikata vipande vitano vya kitenge, rangi tano, ekipe tano. Tukaona ni vizuri kuliko kijiti. Tena katika bonde hili letu, kijana anayekimbia barabarani na fimbo mkononi, watu watafunga milango.

Sasa sikilizeni hesabu moja. Tarehe 23 Novemba 2005, mjini Chiba, Wakenya sita walikimbia umbali wa maratoni nzima, kilomita 42 na mita 195, kwa kupokezana. Walitumia saa 1 dakika 57 na sekunde 6. Mwaka 2023, kule Chicago, marehemu Kelvin Kiptum alikimbia umbali huo peke yake kwa saa 2 na sekunde 35, na kabla yake hakuna mutu aliyekuwa amefika hapo katika mbio zinazohesabika kwa rekodi. Kiptum alikuwa mutu wa ajabu. Lakini bado wale sita wako mbele yake kwa zaidi ya dakika tatu. Si kwamba kila mmoja wao alikuwa na nguvu kumupita Kiptum. Ni juu kila mmoja alitoa yote kwenye kipande chake, kisha akaachilia.

Hilo neno, "kuachilia", tulishike. Nitalirudia.

Barabara yetu munaijua. Ni Barabara ya Taifa namba 5, ile inayotoka Bukavu, inateremka mpaka Kamanyola, inapita kwetu na kwenda Uvira. Kuna watu wa Bukavu ambao hawaijui vizuri, juu magari mengi yalizoea kupita Rwanda kukwepa milima ya Ngomo. Kwetu siye, barabara hii ni sokoni, ni shuleni, ni hospitalini. Tena ni makaburini. Sange, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka likawaka, wakafa watu zaidi ya 230. Katogota, mwezi wa tano mwaka 2000, watu waliuawa ndani ya nyumba zao. Mutarule, jirani zetu hapa, usiku wa tarehe 6 Juni 2014, watu zaidi ya 30 waliuawa, na wengi walikuwa kwenye ibada. Tangu mwami wa sheferi ya Bonde la Ruzizi alipouawa mwaka 2012, kuna vijiji ambavyo vijana wake walikua bila kupita kijiji cha pili kwa miguu. Wanapita juu ya pikipiki, haraka, macho mbele.

Basi tuliposema tutakimbia kwa miguu, kijiji kwa kijiji, mzee mmoja alituuliza: "Munakimbia, ao munakimbizwa?" Tulicheka. Lakini swali lilikuwa la kweli.

Mabishano makubwa hayakuwa juu ya ruhusa. Ruhusa tuliomba kwa viongozi wa leta, kwa mashefu, na tukawajulisha askari wa bariera mapema. Mabishano yalikuwa juu ya ekipe. Vijana wengi walisema: kila kijiji kiwe na ekipe yake, tuone nani mwanaume. Ni jambo la kawaida, mpira njo tunachezaga vile. Wengine wakasema hapana. Tukifanya hivyo, tumepanga vita na kuipigia filimbi. Ekipe ikishinda, kijiji kitasema kimeshinda kabila fulani. Ekipe ikishindwa, mutu atasema alipigwa jiwe njiani.

Tulibishana mikutano mitatu. Mwishowe tukakubaliana sheria moja: hakuna ekipe ya kijiji kimoja. Kila ekipe watu wanne, toka vijiji vinne, na ndani yake angalau msichana mmoja. Majina yalipigiwa kura ndani ya kofia, mbele ya wazee. Huchagui unayempokea, na huchagui unayempa.

Kuna waliojitoa siku hiyo hiyo. Hatukuwalazimisha. Waliobaki tulikuwa ishirini.

Mimi nilipata kipande cha tatu, kinachoanzia hapa Luberizi. Aliyepaswa kunipa kitambaa alikuwa kijana wa kabila lingine. Sitalitaja kabila lake, na langu musiniulize, kila mutu hapa analijua. Tulikuwa hatujawahi kusalimiana. Kwao na kwetu kuna shida ya ng'ombe na mashamba ya mpunga toka wakati wa wababa wetu. Wiki ya kwanza ya mazoezi tulikimbia pamoja bila kusema kitu, kila mutu upande wake wa barabara, kama magari yanayopishana. Wiki ya pili aliniuliza kama nina maji. Wiki ya tatu nilijua kwamba anaumwa ubavu akianza kwa nguvu, na yeye alijua kwamba mimi sisikii vizuri sikio la kushoto, kwa hiyo akifika aite upande wa kuume. Mambo madogo. Lakini niambieni ukweli: nani kati yenu anajua sikio gani la mutu wa kijiji cha pili halisikii?

Wakimbiaji wa hapa munijibu: kitu kigumu katika mbio hizi ni nini? Mutu atasema kilima, mwingine jua. Jua la bonde si jua la Bukavu, saa tatu ya asubuhi lami inakuwa kama sahani ya kukaangia. Lakini mimi nasema kitu kigumu ni kungoja. Umevaa viatu, umepasha mwili moto, watu wanakuangalia, na kazi yako iko ndani ya miguu ya mutu mwingine. Huwezi kumsaidia, huwezi kumvuta. Ekipe ya kwanza ilipita. Ya pili ikapita. Ya tatu pia. Watu wakaanza kusema karibu na mimi, kwa sauti ya kusikika: "Ule hatakuja. Bale banakuwaga vile. Alikuacha huyo." Nilisimama kwenye mstari. Nilijua ubavu unamuuma, juu nilikuwa nimekimbia naye. Wale waliokuwa wanasema hawakujua.

Akatokea nyuma ya lori la Fuso, vumbi usoni, mkono ubavuni. Hakuwa anatembea. Alikuwa anakimbia polepole, lakini anakimbia. Akaita upande wa kuume. Kitambaa kilikuwa kimelowa kabisa, jasho tupu. Nikakivaa, nikaenda.

Mbele kidogo, kwenye mti ambapo watu wa kwetu walikuwa wamekaa, mjomba wangu alisimama barabarani akauliza kwa nguvu: "Ile kitambaa iko na jasho ya nani?" Nikamjibu nikiwa napita: "Ya ekipe, mjomba!" Watu wakacheka, na yeye pia akacheka. Sisemi kwamba siku hiyo mjomba alibadilika. Nasema swali aliuliza mbele ya watu, jibu akapata mbele ya watu, na hakuna aliyempinga mwenye kujibu. Hapa kwetu, hicho si kitu kidogo.

Nilimpita mmoja. Nikampa dada yetu wa kipande cha nne, na yeye akawafuata wengine mpaka Sange, akiwa na viatu vya kuazima ambavyo ni vikubwa kumupita mguu. Tulimaliza wa tatu kati ya ekipe tano. Zawadi ya wa kwanza ilikuwa mbuzi. Hatukula mbuzi.

Sasa, wanaharakati, tunachukua nini pale?

Jambo la kwanza: saa ni moja kwa wote. Katika mbio hizi hakuna saa yako na saa yangu. Dakika alizozipoteza mwenzako ni zako, na dakika ulizozichuma ni zake. Kule Japani kuna mashindano makubwa ya vyuo vikuu, ya Hakone, kila tarehe 2 na 3 Januari. Wakimbiaji kumi kwa kila chuo, kilomita zaidi ya 200 kwenda na kurudi. Mmoja tu akishindwa kumaliza kipande chake, chuo kizima kinakosa nafasi katika orodha, hata kama wengine tisa walikimbia kama upepo. Na ukichelewa sana, mwenzako wa mbele hakungoji: anaondoshwa na kitambaa kingine, na kile cha chuo chako kinabaki mkononi mwako. Wanafunzi wanalia barabarani kwa sababu ya hicho.

Bonde letu liko vile. Luvungi ikilala salama na Sange isilale, hakuna aliyelala. Wakulima wakivuna na wafugaji wakipoteza ng'ombe, ekipe yetu haina nafasi. Mutu anayefurahi kwamba kijiji cha pili kimeungua, anafurahia saa yake mwenyewe inayokimbia.

Jambo la pili ni lile neno: kuachilia. Ng'ambo ya mto hapa, Burundi, kuna mutu anaitwa Vénuste Niyongabo. Mwaka 1996 nchi yake ilienda Olimpiki mara ya kwanza, kule Atlanta. Niyongabo alikuwa mmoja wa wakali wa dunia katika mita 1,500. Lakini mwenzake Dieudonné Kwizera alikuwa amekosa Olimpiki zilizopita, juu Burundi haikuwa bado na komite ya Olimpiki. Niyongabo akamwachia nafasi yake ya mita 1,500. Yeye akaenda kukimbia mita 5,000, mbio ambazo alikuwa hajazizoea. Akazishinda. Ikawa medali ya kwanza ya Olimpiki ya Burundi, na ni ya dhahabu. Wakati ule nchi yao ilikuwa ndani ya vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Kumbukeni, Niyongabo hakumwachia Kwizera nafasi kwa sababu alikuwa amechoka. Alikuwa na nguvu. Tuliandamana katika nchi hii, wenzetu wakafungwa na wengine wakapoteza maisha, tukidai kwamba kiongozi ambaye muda wake umekwisha aachilie. Tulikuwa na haki. Sasa tujiulize ndani ya nyumba yetu: ndani ya klabu, ndani ya komite za vijana, ndani ya vikundi vyetu vya harakati, nani ameshika kitambaa na kipande chake kiliisha zamani? Msimamizi wa miaka sita ambaye simu ya kikundi iko mfukoni mwake tu. Yule ambaye kila mkutano wa Bukavu anaenda yeye. Mkimbiaji anayepita mahali pa kupokezana bila kutoa kitambaa, hata akimbie vizuri namna gani, anaiua ekipe. Na anayengoja pale kwenye mstari, misuli yake inapoa.

Jambo la tatu: kuna kazi ambazo hakuna anayezipigia makofi. Siku ile kuna wamama walibeba bidoni za maji mpaka sehemu za kupokezana. Kuna vijana walisimama na vitambaa vyekundu kusimamisha pikipiki na malori. Kuna aliyeandika saa kwenye karatasi, chini ya jua, toka wa kwanza mpaka wa mwisho. Bila wao, wakimbiaji ishirini wangekuwa tu watu ishirini wanaokimbia. Harakati yetu pia inabebwa na watu ambao hawaonekani kwenye picha. Tukiweka picha za siku ile, tuwaweke na wao.

Jambo la nne ni juu ya dada zetu. Wasichana walikimbia siku hiyo kwa sababu barabara ilikuwa imejaa watu. Lakini mazoezini dada yetu wa kipande cha nne alikuwa hawezi kukimbia saa kumi na moja ya asubuhi kama siye. Ilibidi kaka yake amfuate na baiskeli. Alisema maneno ambayo ningependa wanaume wote wa hapa muyasikie: "Mimi siogopi kilomita. Ninaogopa pale ambapo nyumba zinaisha." Kama nusu ya ekipe inaogopa pale ambapo nyumba zinaisha, hatuna bado barabara. Tuna lami.

Kwa hiyo leo hatuombi semina nyingine. Tunasema haya.

Kwa viongozi wa leta na wakubwa wa askari: raia anayetembea kwa miguu ana haki ya kupita barabara hii bila kulipa na bila kuogopa. Bariera zisizo na sheria ziondolewe. Na waliouawa Mutarule, Katogota na kwingineko, familia zao bado zinangoja haki. Amani bila haki ni mkimbiaji wa mguu mmoja.

Kwa mashefu na wazee wetu: safari ijayo hatutaki mukae kila mmoja kwenye kijiji chake. Tunawaomba mukae wawili wawili kwenye sehemu za kupokezana, shefu wa huku na shefu wa kule, kwenye kiti kimoja kirefu, na nyinyi njo mutahakikisha kwamba kitambaa kimetolewa.

Kwa watu wa siasa wanaopenda kutununulia fulana: asanteni, hatuzihitaji. Hakuna picha ya mutu, hakuna rangi ya chama kwenye kifua cha mkimbiaji. Kifua kina kitambaa.

Kwa wenzetu wa mjini mutakaosoma maneno haya: musiseme "ah, mambo ya kijijini". Bukavu pia ina mipaka yake. Bagira, Kadutu na Ibanda zinaangaliana kwa majina na kwa dharau, na kuna kijana wa Ibanda ambaye hajawahi kupanda Kadutu kwa miguu bila sababu. Chukueni watu wanne, kitambaa kimoja, na asubuhi moja ya siku ya yenga kabla magari hayajajaa. Changanyeni ekipe. Hiyo sheria musiiache, juu bila hiyo ni mashindano tu kama mengine.

Na kwa nyinyi wa hapa: mazoezi yanaanza siku ya posho, saa kumi na mbili ya asubuhi, hapa hapa barabarani. Viatu si lazima, wengine watakuja na kamambili na tutaanza polepole. Wale waliojitoa siku ya kofia, mulango uko wazi, hatutawauliza kitu. Safari hii tunataka ekipe kumi, na tunataka kufika mbali zaidi ya Sange. Jina lako litaingia ndani ya kofia, na atakayekupokea huenda akawa mutu ambaye baba yako hamsalimii. Anza kumsalimia sasa. Utamuhitaji.